Kutoka Langoni Hadi Kitandani: Sheria Inavyoamua Matibabu Kabla ya Daktari

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni fupi kuliko maelezo ya kwenye pakiti ya dawa: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi "ikiwa ana kadi", wala "ikiwa ametanguliza amana". Hata hivyo, Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Kwingine vitanda vilikuwa vimejaa, kwingine ilidaiwa amana ya Sh200,000. Alifariki. Katiba ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Wakati ule wengi walisema sheria imepuuzwa. Mimi naona kasoro ilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ilimpa mgonjwa haki, ikaibebesha hospitali wajibu, kisha ikanyamaza kuhusu nani atalipia damu, oksijeni, uzi wa kushonea na saa za muuguzi. Pengo kama hilo mhasibu wa hospitali huliziba kwa kumtoza aliye mbele yake, na asiye na kitu hufungiwa lango. Kwa hiyo, kila inapotungwa sheria ya afya katika nchi zetu, swali la kwanza la kuuliza ni hili: haki hii inalipiwa na mfuko gani, na fedha zinaingia humo kwa njia gani? Mengine yote, hata uamuzi wa daktari, hufuata jibu la swali hilo kwa karibu kuliko tunavyopenda kukubali.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilijaribu kuziba pengo kwa adhabu. Kifungu cha 7 kinataja sehemu tatu za matibabu ya dharura: huduma kabla ya kufika hospitalini, kuidhibiti hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale kituo kisipoweza kumhudumia. Kituo kinachokataa ilhali kina uwezo hutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni. Hayo maneno "kina uwezo" ndiyo mlango wa kutorokea. Hospitali isiyomtaka mgonjwa asiye na fedha haisemi haimtaki. Husema vitanda vimejaa, na kuthibitisha kinyume chake saa nane za usiku ni kazi wasiyoiweza ndugu wa majeruhi. Wanachoweza ni kudai barua ya rufaa yenye saa, jina na cheo cha aliyempima mgonjwa, presha yake, mapigo ya moyo na kasi ya kupumua. Kituo kikiandika, kimekiri kwamba kilimpokea na kumpima. Kikikataa kuandika, hakijatimiza hata ile sehemu ya tatu, ambayo haihitaji kitanda.

Mlipaji alikuja kutajwa mwaka 2023. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, Na. 16 ya mwaka huo, iliondoa NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, na kuunda mifuko mitatu chini ya mamlaka mpya, SHA. Mfuko wa Huduma za Msingi unalipia zahanati na vituo vya afya kwa fedha za serikali. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, unalipia kulazwa na huduma za hospitali kwa michango ya wananchi. Wa tatu ni Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Magonjwa Mahututi. Mamlaka ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na hapo ndipo bili ya majeruhi aliyeokotwa barabarani ilipopata mahali pa kupelekwa kisheria.

Siku hizi kinachoumiza watu ni mpaka kati ya mifuko hiyo. Dharura ya kisheria hukoma hali ya mgonjwa inapodhibitiwa. Aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda atazuiwa damu isivuje, atawekewa dripu, atapewa dawa ya maumivu na mguu utafungwa usitikisike. Hiyo ni dharura. Upasuaji wa kumwekea chuma siku ya pili ni huduma ya SHIF, na SHIF humlipia aliyechanga. Kitanda ni kile kile na mgonjwa ni yule yule, lakini usiku amevushwa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine bila kujua, na asubuhi ndugu wanaambiwa walipe mchango wa mwaka mzima ndipo apangiwe chumba cha upasuaji. Kwa hiyo swali la kuuliza usiku ule ule, kabla hata ya picha ya eksirei kurudi, ni kama mgonjwa ameandikishwa na kama mchango wake uko hai. Hilo hukaguliwa kwa kubonyeza *147# kwenye simu yake. Asiyeandikishwa aandikishwe usiku huo, maana kesho foleni ya dirishani itakula muda wa mfupa.

Tanzania ina funzo kama hilo katika sura nyingine. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza miaka ya 1990, sera imewasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Anayesamehe ni sera, lakini anayebeba gharama ya msamaha ni kituo. Zahanati ambayo wagonjwa wake wengi ni watoto na wajawazito ndiyo inayokusanya kidogo zaidi dirishani, na makusanyo hayo ndiyo yanayotegemewa kununua glavu, uzi na sindano pale mgao wa bohari unapochelewa. Mama hatadaiwa pesa ya kumwona mkunga. Ataambiwa vifaa vimekwisha, akavinunue duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Msamaha haujavunjwa, na bado amelipa.

Dirisha la usajili ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya hospitali, kwa kuwa hapo ndipo sheria inapokutana na mfuko wa mtu.

Kwa mwajiriwa wa Kenya hesabu ni nyepesi: asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, bila kikomo cha juu, na isipungue Sh300 kwa mwezi. Anayepata Sh20,000 hukatwa Sh550, ilhali NHIF ilimkata Sh750. Wa Sh50,000 ametoka Sh1,200 hadi Sh1,375. Wa Sh500,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh13,750. Mwelekeo huo ni wa haki, na malalamiko ya wenye mishahara mikubwa hayanishawishi: bima ambayo mtu wa laki tano alichangia sawa na mtu wa laki moja haikuwa ya jamii. Kinachonikera ni mwajiri kuachwa nje. Nchini Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hukusanya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mwajiriwa. Kenya ilipoandika upya sheria yote ilipata nafasi ya kumwingiza mwajiri, ikaiacha ipite.

Kwa asiye na mshahara mambo ni mazito. Mwuza mboga, fundi wa jua kali, mvuvi na mkulima wa ekari moja hupimwa uwezo kwa kuulizwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, watu wangapi wanalala humo. Majibu huingizwa kwenye fomula inayokadiria mapato ya kaya, kisha asilimia 2.75 ya makadirio hayo hutozwa kwa mwaka mzima, kwa mkupuo, isipungue Sh3,600. Wasiojiweza kabisa wanatakiwa kulipiwa na serikali.

Kipimo hicho hutazama mali, ilhali mchango hulipwa kwa fedha taslimu. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe ataonekana mwenye nacho ingawa anaishi kwa kuuza sukuma wiki. Kijana aliyepanga chumba cha mabati na kuingiza fedha nzuri kwa pikipiki mbili ataonekana maskini. Halafu kuna ule mkupuo. Kwa mtu anayepata fedha yake siku kwa siku, Sh3,600 ni mtaji wa biashara, na kuutoa Januari kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usije kabla ya Desemba ni kufunga genge. NHIF ilikuwa ikimtoza Sh500 kwa mwezi, yaani Sh6,000 kwa mwaka. Kwa jumla alilipa zaidi, lakini aliweza. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliokuja mwaka 2025 ni kukiri kosa hilo: mtu hukopeshwa mchango wa mwaka na kuurejesha kidogo kidogo. Ingekuwa bora kanuni zenyewe zikamruhusu alipe kwa mwezi bila kumgeuza mdaiwa.

Mkupuo pia una madhara kwa mfuko, na haya ndiyo yaliyoangusha mipango mingi ya hiari Afrika Mashariki. Mtu anayeruhusiwa kusubiri atasubiri mpaka augue. Tanzania ililiona hilo kwa Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto chini ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mzazi alilipa Sh50,400 za Tanzania kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na Machi 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa sababu waliokuwa wakiandikishwa ni wagonjwa zaidi ya wazima. Tuchukue mfano wa hesabu. Watoto 100 wakiingia, zinapatikana Sh5,040,000. Kumi kati yao wakiwa na maradhi makubwa, kila mmoja akigharimu Sh400,000, mfuko hutoa Sh4,000,000 na kubaki na akiba. Sasa wazazi wa watoto wazima wakijitoa, wakabaki 20 wakiwamo wale kumi, mapato ni Sh1,008,000 na gharama ni zile zile milioni nne. Kupandisha ada hakusaidii, kwa kuwa wa kwanza kukimbia ada kubwa ni wazazi wa hao watoto wazima wachache waliosalia. Kosa halikuwa la wazazi. Kila mmoja alifanya lililo la busara kwa mwanawe ndani ya sheria iliyomruhusu achague mtoto na achague wakati.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2007 ilifanya bima ya jamii kuwa ya lazima, na utaratibu ukataka kaya yote ilipiwe ndipo yeyote ndani yake atibiwe kwa bima hiyo. Katika ngazi za uwezo zilizotumika kwa miaka mingi, wa katikati walilipa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, wenye uwezo zaidi faranga 7,000, na maskini kabisa walilipiwa na serikali faranga 2,000. Kwenye kituo cha afya mgonjwa huchangia faranga 200. Hospitalini, asilimia 10 ya bili. Viwango ni vidogo, na peke yake visingetosha kuendesha mfumo. Kilichobeba mzigo ni ile kanuni ya kaya nzima: humwingizi mgonjwa bila kuwaingiza wazima.

Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023 lilikwenda upande huo huo wa kaya. Lakini kaya ni nani? Hesabu iliyozoeleka Tanzania ni watu sita: mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Katika nyumba yenye watoto watano na bibi mzaa baba, watu wawili wanabaki nje, na familia ndiyo itakayochagua nani. Itamwandikisha bibi mwenye sukari na mtoto mwenye pumu, imwache aliye mzima. Ugonjwa ule ule wa Toto Afya unarudi kupitia dirisha dogo, safari hii ukiwa umekaa ndani ya tafsiri ya neno moja la kisheria.

Njia ya kulazimisha nayo ina mipaka. Kifungu cha 26(5) cha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya kilitaka mtu athibitishe usajili na uchangiaji kabla ya kupata huduma za serikali, na kifungu cha 27(4) kikafunga matibabu ya SHIF kwa asiyelipa. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilivisimamisha vifungu hivyo. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria yenyewe na nyingine mbili zilizopitishwa pamoja nayo zinakiuka katiba, hasa kwa sababu ya upungufu wa ushirikishaji wa wananchi, ikatoa siku 120 za kurekebisha. Septemba, siku chache kabla ya SHA kuanza, Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Kwa mgonjwa, matokeo ya mvutano huo yalikuwa majibu tofauti katika madirisha tofauti wiki ile ile.

Sasa tuingie chumba cha daktari. Tunapenda kuamini kwamba humo sheria hubaki nje na utaalamu huchukua nafasi. Tazama ratiba ya malipo kwanza.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. NHIF ya Kenya ililipia mara mbili, Sh9,500 kila mara. Kwa miaka mingi madaktari wakaandika mara mbili. Wagonjwa walivimba miguu, wakabanwa na pumzi usiku wa kuamkia siku ya kusafishwa, wakapangiwa kunywa maji kwa kipimo cha kikombe, na hayo yote yakahesabiwa kuwa kawaida ya ugonjwa. Mengi yalikuwa kawaida ya ratiba ya malipo. Viwango vya SHA viliruhusu hadi mara tatu, vikapandisha malipo hadi Sh10,650. Marekebisho ya mstari mmoja kwenye jedwali yamefanya kazi ambayo semina nyingi za madaktari zisingeifanya.

Angalia pia namna ya kulipa, mbali na kiasi. Kulazwa hulipwa kwa siku: Sh3,360 katika hospitali ya ngazi ya 4, Sh3,920 ngazi ya 5, Sh4,480 ngazi ya 6. Ugonjwa haugharimu sawa kila siku. Nimonia kali hula fedha siku mbili za mwanzo, kwa oksijeni, vipimo vya damu, picha ya kifua na viuavijasumu vya mshipa; siku ya tano mgonjwa anakula uji na kusubiri dozi imalizike. Hospitali hupata hasara siku ya kwanza na kuirudisha siku ya tano. Basi kuna msukumo wa aina mbili ambao daktari hauoni kila mara ingawa unamfikia: kuwatuma ndugu wanunue dawa ghali nje siku ya kwanza, na kuchelewa kumruhusu mgonjwa siku ya tano.

Upasuaji wa kujifungua hulipwa kwa tukio, Sh30,000, na kujifungua kwa kawaida Sh10,000. Hapa msukumo hugeuka. Mama akipata usaha kwenye kidonda na kukaa siku tisa, kila siku ya ziada ni ya hasara kwa hospitali, hivyo ataruhusiwa mapema. Na hospitali ndogo ya binafsi yenye chumba cha upasuaji kinachopaswa kujilipia inaiona tofauti ya Sh20,000 kati ya njia mbili za kuzaa hata kama daktari wake ni mwadilifu. Simshutumu mtu. Nasema jedwali la malipo ni mwongozo wa tiba ulioandikwa na watu wasiomwona mgonjwa, na lingepaswa kupitiwa na wakunga na madaktari mstari kwa mstari kabla ya kuchapishwa gazetini. Bei ikiwekwa chini mno, kuna matokeo mengine: Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama, na wenye kadi wakakuta kadi ni plastiki tu.

Kikomo cha saratani kinaonyesha tena nguvu ya neno "kaya". SHA ilipoanza, kiwango kilikuwa Sh400,000 kutoka SHIF kwa mwaka, na kikiisha, Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu, vyote kwa kaya. Mama mwenye saratani ya matiti na mumewe mwenye saratani ya koo waligawana hizo Sh550,000. Daktari aliyewapangia dawa ilimbidi ajue bajeti ya nyumba yao, na wao wenyewe wajue nani aanze.

Hapo ndipo linapokuja suala la ridhaa, na nadhani Wakenya wengi hawajui jinsi sheria yao ilivyo nzuri. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia zote za uchunguzi na tiba zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Gharama imo humo, imeandikwa sambamba na hatari. Maana yake ni kwamba sahihi iliyowekwa bila mgonjwa kuambiwa SHA italipa kiasi gani na yeye atabaki na deni gani ni sahihi ya ridhaa nusu. Fomu nyingi za upasuaji zina nafasi ya jina la operesheni, jina la daktari, shahidi na tarehe. Mstari wa gharama haumo.

Kifungu cha 9 kinapanga nani aseme ndiyo pale mgonjwa asipoweza: kwanza aliyemteua kwa maandishi, au anayeruhusiwa na sheria au amri ya mahakama, asipokuwapo, ndugu wa karibu. Katika dharura, au pale kuchelewa kunapoweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, matibabu huendelea, mradi mgonjwa hakuwa ameyakataa. Hakuna popote panaposema mke mwenye akili timamu asubiri sahihi ya mume kabla ya kupasuliwa. Desturi hiyo bado iko wodini, na huua. Mama ambaye kizazi chake kinakaribia kupasuka ana dakika za kuhesabu. Mume yuko Mombasa na simu haipatikani. Muuguzi anayemsubiri anadhani anajilinda kisheria, na sheria inasema kinyume chake kabisa. Hospitali zinaweza kulimaliza jambo hili kwa kufuta mstari wa "mume au mlezi" kwenye fomu ya mtu mzima anayejitambua.

Ule mstari wa uteuzi kwa maandishi nao hautumiki vya kutosha. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, au mzee anayeanza kusahau, anaweza kuandika karatasi moja: jina lake na namba ya kitambulisho, jina la anayemteua kumwamulia matibabu, mambo asiyoyataka, tarehe, sahihi yake na za mashahidi wawili. Nakala moja ikae kwenye faili la hospitali. Bila karatasi hiyo, ndugu watatu waliotofautiana huanza kubishana kando ya kitanda, na daktari humsikiliza mwenye sauti kubwa au mwenye pochi.

Woga wa sheria huharibu uamuzi wa daktari hata pale sheria yenyewe inaporuhusu. Ibara ya 26(4) ya katiba hairuhusu utoaji mimba isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Sheria ya Afya ikafafanua kwamba mtaalamu huyo anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye leseni na mafunzo ya matatizo ya ujauzito. Ufafanuzi huo una uzito mkubwa vijijini, ambako afisa wa kliniki ndiye mtaalamu pekee kwa kilomita nyingi. Lakini Kanuni ya Adhabu ilibaki na makosa yake ya zamani, na wizara ilipoondoa miongozo yake ya kitabibu mwaka 2013, wahudumu walibaki na adhabu mikononi bila maelekezo. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba kuiondoa kulikiuka haki. Katika pengo hilo, mwanamke anayevuja damu baada ya mimba kuharibika yenyewe huweza kuulizwa maswali ya polisi kabla ya kupewa maji ya mshipa.

Fomu za polisi zina historia kama hiyo. P3 ya Kenya na PF3 ya Tanzania ni fomu za ushahidi. Kazi yake ni kuisaidia mahakama kujua majeraha yalikuwaje. Kwa aliyebakwa, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na hunywewa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina dirisha la saa 120. Anayepitia kituo cha polisi kwanza kutafuta fomu, akamkosa askari wa dawati, akaambiwa arudi kesho, amepoteza theluthi ya saa zake kwa ajili ya karatasi. Hospitali kwanza. Nguo za siku hiyo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huozesha ushahidi.

Mwisho ni mlango wa kutokea. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili. Mahakama ilisema kumzuilia mgonjwa kwa deni ni kuvunja haki zake, ikawapa fidia ya Sh1.5 milioni mmoja na Sh500,000 mwingine. Deni la hospitali ni deni kama la duka. Hudaiwa kwa barua na, ikibidi, kortini. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari aombe bili iliyochanganuliwa, akague kwamba malipo ya SHA yamepunguzwa na kwamba siku za kitanda hazikuhesabiwa baada ya tarehe ya kuruhusiwa, kisha aandike ahadi ya kulipa kwa awamu yenye kiasi anachokiweza kweli na tarehe ya awamu ya kwanza. Asiweke rehani hati ya shamba, wala kitambulisho chake, kwa kuwa bila kitambulisho hataweza hata kulipa mchango wa mwaka ujao. Karatasi ya kuruhusiwa, yenye majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki, ni sehemu ya matibabu, na haipaswi kushikiliwa hadi deni liishe.